Bastola Iliyouma Nyonga

OPERETA: Kilosa, pokea simu ya mbali, inatoka Mikumi. Mikumi, haya, ongea. Dakika tatu.

CORNEL: Haloo? Nani huyo, Jumapili yote hii?

LUPAKISYO: Haloo, mz—

CORNEL: Haloo! Sikusikii! Pandisha sauti, waya unakaanga!

LUPAKISYO: Mimi, mzee! Lupakisyo! Shikamoo!

CORNEL: Aaa! Marahaba, marahaba mwanangu. Lupakisyo wa mpakani mwa hifadhi. Sasa mbona leo? Simu yako wewe ni ya mwisho wa mwezi. Leo tarehe saba.

LUPAKISYO: Najua, mzee. Nimebahatisha tu. Nimemwambia dada wa simu, jaribu stoo ya silaha, mzee huwa hashindi nyumbani.

CORNEL: Nyumbani nishinde na nani? Tangu mama yenu Verdiana afariki, ile nyumba ni ya kuku. Nikitoka kanisani napitia hapa, nafungua kabati, nazipaka bunduki mafuta. Hata kama hazihitaji. Uko wapi? Nasikia ngurumo.

LUPAKISYO: Kwa Donati, kwenye nyumba ya wageni hapa barabarani. Malori ya Zambia, mzee. (Lori linapita.) Umelisikia?

CORNEL: Nimelisikia mpaka kwenye meno. Umetembea kutoka kituoni kwako?

LUPAKISYO: Nimetembea.

CORNEL: Maili kumi na moja, na nyonga ile! Basi ndiyo hiyo unayonipigia. Inauma tena.

LUPAKISYO: Mzee, mimi—

CORNEL: Ngoja kwanza, jambo hilo nimelifikiria wiki nzima. Mkanda. Mkanda wako mwembamba, ndiyo maana bastola inaning'inia. Watu wanadanganyika na ufupi wake, wanadhani kifupi ni chepesi. Risasi nene kama kidole gumba, zikikaa tano mle kwenye gurudumu lake, uzito wote uko mahali pamoja. Ukitembea inakugonga mfupa, puu, puu, puu, kutwa nzima. Nitakukatia mkanda mpana, ngozi ya ng'ombe, mikunjo miwili. Kiuno kizima kibebe.

LUPAKISYO: Sawa, mzee, lakini—

CORNEL: Na ala yake iinuke. Ikae juu ya nyonga, mpini uelekee mbavuni. Hapo hata ukikaa chini haikuchomi.

LUPAKISYO: Ikikaa juu inachoma mbavu. Nilijaribu.

CORNEL: Na mbele, tumboni?

LUPAKISYO: Nikiinama kunywa maji inanikaba. Mgongoni nilijaribu pia. Nikiegemea mti, ni kama nimeegemea jiwe.

CORNEL: Kwapani ndiyo haiwezekani.

LUPAKISYO: Kwapani ni mkanda wa begani, mzee. Na bega lenyewe halibebi hata shati.

CORNEL: Ndiyo. Bega. Nyati yule aliyekuvunja bega hakukuachia pa kutundika kitu.

LUPAKISYO: Hakuniachia.

CORNEL: Lakini kazi ilibaki. Unakumbuka bwana mkubwa alivyosema? Askari wa wanyamapori asiyeweza kuweka bunduki begani, arudi kwao Tukuyu akapalilie migomba. Nikamwambia, mkubwa, mkono wa kulia mzima, na kabatini nina bastola moja fupi, aliiacha bwana wa shamba la mkonge alipoondoka, risasi yake moja inamlaza simba kwa karibu. Mpe hiyo. Akanitazama kama nimemwambia akupe manati.

LUPAKISYO: Miaka mitatu sasa.

CORNEL: Miaka mitatu. Kwa hiyo ikikuuma wewe, na mimi inaniuma. Mimi ndiye niliyekuvisha. Haya, na mpini je? Ile raba ya tyubu ya baiskeli niliyokwambia uuzungushie, umezungusha?

LUPAKISYO: Nilizungusha.

CORNEL: Enhee! Si mkono umejaa sasa? Mpini ule mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, kiko nje kinapunga upepo. Ndiyo maana ukifyatua inaruka juu kama mbuzi aliyeona—

LUPAKISYO: Niliitoa.

CORNEL: Uliitoa nini?

LUPAKISYO: Raba. Ilikuwa inanasa kwenye shati nikiichomoa. Niliitoa mwezi wa nane.

CORNEL: Lupakisyo! Mpini mtupu, na jasho lako, na joto la huko! Siku ukikutana na simba utapiga mawingu wewe!

LUPAKISYO: (Kimya.)

CORNEL: Haloo?

LUPAKISYO: Nipo.

CORNEL: Nimesema utapiga mawingu.

LUPAKISYO: Nimekusikia, mzee.

OPERETA: Dakika tatu. Mikumi, unaongeza?

LUPAKISYO: Ongeza, dada.

CORNEL: Filomena, mwache mtoto wa watu aongee. Anatoka porini huyu.

OPERETA: Mimi nauliza tu, Mzee Cornel. Haya, endeleeni.

CORNEL: Lupakisyo.

LUPAKISYO: Naam, mzee.

CORNEL: Bastola iko wapi saa hizi?

LUPAKISYO: Mzee?

CORNEL: Nakuuliza iko wapi. Kiunoni? Mezani? Mbona sauti yako... Niambie tu iko wapi.

LUPAKISYO: Haipo.

CORNEL: Haipo vipi? Imepotea? Usiniambie imepotea.

LUPAKISYO: Haijapotea. Iko polisi hapa Mikumi. Nimeikabidhi jana, wakanipa karatasi.

CORNEL: Uwape polisi kwa nini? Bastola ya stoo yangu inarudi stoo kwangu! Ungepanda treni ukaja ku—

LUPAKISYO: Nilifyatua, mzee.

CORNEL: Ulifyatua.

LUPAKISYO: Jumatatu. Risasi moja.

CORNEL: Simba?

LUPAKISYO: Nilidhani simba.

(Waya unakoroma.)

CORNEL: Sijasikia vizuri. Umesema—

LUPAKISYO: Nilidhani, mzee. Nimesema nilidhani.

CORNEL: Ee Mungu wangu. Mtu? Amekufa?

LUPAKISYO: Hajafa.

CORNEL: Hajafa. Asante Mungu. Damu?

LUPAKISYO: Hakuna damu. Risasi haikumgusa.

CORNEL: Sasa mbona unanitoa roho! Nani, jangili?

LUPAKISYO: Mzee Cleopa.

CORNEL: Cleopa yupi?

LUPAKISYO: Wa Kwandege, jirani yangu. Yule niliyekuwa nakusimulia. Jioni tulikuwa tunakula sahani moja.

CORNEL: Yule wa mizinga ya nyuki? Lakini hao si walihamishwa wote mwaka jana, Operesheni Vijiji ilipopita? Si wako Ulaya, kile kijiji kipya kwenye barabara ya Kilosa?

LUPAKISYO: Wako huko. Kwandege limebaki gofu. Nyasi zimeingia mpaka ndani ya nyumba.

CORNEL: Na yeye alikuwa anafanya nini kwenye gofu?

LUPAKISYO: Alikuja kupalilia kaburi la mkewe. Halafu apite kwangu anisalimie.

CORNEL: Alikwambia hivyo?

LUPAKISYO: Hakuniambia. Alikuwa na kibuyu cha asali. Kaburini mtu hapeleki asali, mzee. Pale, baada ya kaburi, nyumba iliyobaki yenye moshi ni yangu peke yangu.

CORNEL: Haya. Pole pole. Nieleze kama unamweleza fundi. Ulikuwa wapi, naye wapi?

LUPAKISYO: Kuna simba jike alikuwa ananifuata siku tatu. Nyayo zake nazikuta juu ya zangu asubuhi. Sasa Jumatatu, saa kumi hivi, napita njia ya Kwandege. Nyasi zimefika kifuani. Nikasikia krr, krr, kitu kinakwangua chini. Nikasimama. Kikanyamaza. Nikapiga hatua mbili, nyasi zikatikisika hapa, mzee, hapa ubavuni kwangu, nikaona mgongo, rangi ya udongo. Ni shuka lake. Limechakaa limekuwa rangi ya—

CORNEL: Rangi ya simba.

LUPAKISYO: Mkono ulikwenda wenyewe. Sikumbuki kuichomoa. Namkumbuka yeye akiinuka, na jembe mkononi, na bastola inalia karibu na kichwa chake. Ningenyoosha mkono ningemshika sikio.

CORNEL: Na ikapita juu.

LUPAKISYO: Ikaniteleza. Mpini ulikuwa umelowa jasho, ikaruka. Kama ulivyosema. Mawingu.

CORNEL: (Mlio wa kabati likifungwa.)

LUPAKISYO: Mzee?

CORNEL: Nipo.

LUPAKISYO: Ningekuwa na raba yako—

CORNEL: Usiimalizie.

LUPAKISYO: Ndiyo, mzee.

CORNEL: Miezi mitatu nakupigia kelele juu ya raba ile. Nikakuelekeza mpaka namna ya kufunga fundo. (Anakohoa.) Haya. Ikawaje? Alikimbia?

LUPAKISYO: Alianguka kwa makalio. Kibuyu kikapasuka. Mimi bastola bado nimeielekeza, sikuweza kuishusha, mkono uliganda. Akanitazama. Akaweka jembe chini taratibu, akainua mikono yote miwili, akasema... 

CORNEL: Akasema nini?

LUPAKISYO: Lori linapita.

CORNEL: Lori gani? Silisikii. Alisema nini, Lupakisyo?

LUPAKISYO: Alisema, shikamoo bwana askari.

CORNEL: Nani alisema?

LUPAKISYO: Yeye. Kwangu mimi.

CORNEL: Cleopa? Mzee wa miaka sabini?

LUPAKISYO: Miaka yote kabla hawajahamishwa nilimsalimia kila nikipita. Hata bega lilipokuwa bichi nilijikokota mpaka kwake kusema shikamoo, ndipo asubuhi yangu ianze. Naye Jumatatu ile, mikono juu, shikamoo bwana askari.

CORNEL: Mtu akitishwa, mwanangu, mdomo unasema chochote.

LUPAKISYO: Niliitika, mzee.

CORNEL: Uliitika nini?

LUPAKISYO: Nilisema marahaba.

(Waya unavuma.)

LUPAKISYO: Ilitoka tu. Mtu akikuambia shikamoo, unaitika. Sikuwa na akili. Nilisikia sauti yangu inasema marahaba, na bastola iko usoni kwake.

CORNEL: Eeh.

LUPAKISYO: Sema kitu, mzee.

CORNEL: Wacha nikae kwanza.

OPERETA: Dakika... Endeleeni tu. Laini iko wazi.

CORNEL: Akaondoka?

LUPAKISYO: Aliinuka, akaokota jembe, akashika njia ya Ulaya. Nilimwita, mzee Cleopa, ni mimi. Hakugeuka. Niliita mpaka alipopotea. Nikabaki naokota vipande vya kibuyu. Nyuki walikuwa wameshafika.

CORNEL: Sikiliza sasa. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyeona. Polisi uliwaambia nini? Ungeandika fisi. Fisi aliingia jikoni, nikafyatua kumtisha, basi. Risasi moja ya fisi hakuna anayeiuliza. Kesho napanda treni naja nakuandikia upya, mimi nawajua—

LUPAKISYO: Nimeshaandika.

CORNEL: Umeandikaje?

LUPAKISYO: Nilifyatua risasi moja kwa jirani yangu nikidhani ni simba. Nikatia sahihi.

CORNEL: Jirani. Ungeandika hata "raia".

LUPAKISYO: Konstebo naye alisema hivyo hivyo. Nikamwambia aandike jirani.

CORNEL: Unajua maana yake? Bastola hairudi kwako. Bwana mkubwa alikuwa anatafuta sababu tangu siku ya nyati. Utakwenda na bakora porini?

LUPAKISYO: Siendi porini tena. Ndiyo nilikuwa nataka kukwambia toka mwanzo, ukanikatiza na mkanda.

CORNEL: Usinitanie.

LUPAKISYO: Sikutanii, mzee. Naacha. Barua nimempa konstebo pamoja na bastola.

CORNEL: Umeacha. Bila kuniuliza?

LUPAKISYO: Ungenikataza.

CORNEL: Ningekukataza, ndiyo! Kituo nitakuombea kingine, karibu na watu, hata Ruhembe kwenye miwa kule, nguruwe wanasumbua, unahitaji panga na mbwa tu. Nyonga yako ipone. Tukishapata mkanda mpana—

LUPAKISYO: Nyonga haiumi, mzee.

CORNEL: Leo haiumi, kesho—

LUPAKISYO: Haiumi tangu mwezi wa tano. Pameota sugu. Nilikuwa napiga tu. Kituo kile, tangu Kwandege wahame, napika ugali nausemesha. Mwisho wa mwezi nikija kuchukua posho, nasema nimpigie Mzee Cornel, lakini nimwambie nini? Simu ya serikali haipigwi kwa salamu. Basi nasema nyonga.

CORNEL: Nilijua.

LUPAKISYO: Ulijua nini?

CORNEL: Mwezi wa sita uliniambia inauma kulia. Mwezi wa saba ukasema kushoto. Bastola unavaa kulia siku zote. Mimi ndiye niliyeishona ala yake.

LUPAKISYO: Na ukanieleza pamba ya kuweka kushoto! Dakika sita nzima!

CORNEL: Sasa ningefanyaje? Ningesema huumwi, kata simu?

LUPAKISYO: (Anacheka kidogo.) Mzee, siku ile ya malori—

CORNEL: Wacha hiyo.

LUPAKISYO: Kwandege wanapakiwa, mimi nilisimama karibu na tela. Niliambiwa nisimame, nikasimama. Bastola kiunoni. Mzee Cleopa alipopanda alinitazama hapa, kiunoni. Usoni hakunitazama. Nilitaka niivue, nimpe mkono, nimpandishe godoro lake. Nikafikiri, nikishavua wataniuliza. Nikabaki nimesimama.

CORNEL: Kila mtu alisimama mahali fulani siku ile. Bunduki za malori yale zilitoka kabati hili hili. Nilizipaka mafuta mwenyewe.

LUPAKISYO: Hujawahi kuniambia.

CORNEL: Na wewe hujawahi kuniuliza. Sasa utakwenda wapi?

LUPAKISYO: Tukuyu. Dada yangu Letisia yuko kule. Basi la Iringa linapita hapa saa tisa.

CORNEL: Leo?

LUPAKISYO: Leo.

CORNEL: Hivyo ni simu ya kuaga.

LUPAKISYO: Ndiyo, mzee.

CORNEL: Na Cleopa? Unamwachaje?

LUPAKISYO: Nilikwenda.

CORNEL: Ulaya? Ulikwenda lini?

LUPAKISYO: Alhamisi, siku ya soko. Bastola niliiacha kituoni ndani ya sanduku, nikatoka na fimbo. Nilijiambia, nitamwamkia mbele za watu, wote wasikie. Nyumba zao ziko mstari mmoja, zote zimefanana, nikauliza mpaka nikafika. Alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, anasokota kamba. Nikavua kofia. Nikasema, shikamoo mzee Cleopa.

CORNEL: Akasema?

LUPAKISYO: Hakuitika.

CORNEL: Labda—

LUPAKISYO: Nikarudia. Shikamoo, baba. Anasokota kamba yake, macho chini. Binti yake Yunis alikuwa anatwanga, akaacha mchi, akanitazama, akaingia ndani. Watu wa nyumba ya pili wamesimama wananiangalia. Nikangoja. Mzee, unajua kungoja marahaba? Nilingoja mpaka kivuli changu kikamfikia miguuni. Nikavaa kofia nikarudi. Maili zote zile sikukutana na mtu, nikashukuru.

CORNEL: Pole, mwanangu.

LUPAKISYO: Ndiyo hivyo. Mtu akikunyima marahaba, umebakiwa na nini mahali hapo?

CORNEL: Hebu ngoja.

LUPAKISYO: Basi litafika, mzee, wacha nikuage—

CORNEL: Nimesema ngoja! Siku ya risasi. Alipoinuka kwenye nyasi, bastola ililia upande gani wa kichwa chake?

LUPAKISYO: Upande gani? Nitajuaje—

CORNEL: Fikiri! Alikuwa amekuelekea?

LUPAKISYO: Alikuwa anaelekea kaburi. Mimi nilikuwa... kushoto kwake. Sikio la kushoto.

CORNEL: Karibu kiasi cha kumshika sikio, umesema.

LUPAKISYO: Ndiyo.

CORNEL: Na Alhamisi, alipokaa uani, wewe ulisimama wapi?

LUPAKISYO: Njiani. Pale pa kuingilia.

CORNEL: Njia iko upande gani wa kigoda?

LUPAKISYO: Iko... Alikuwa ameelekea nyumba. Njia iko kushoto kwake.

CORNEL: Kushoto.

LUPAKISYO: Kushoto, mzee.

CORNEL: Nisikilize vizuri. Bastola fupi inalia vibaya kuliko bunduki ndefu. Mtutu hauna urefu wa kuumeza mlio, moto na kishindo vyote vinatokea pale pale. Mwaka hamsini na nane nilijaribu moja kama hiyo humu humu ndani ya stoo, mjinga mimi, mlango nimefunga. Sikio la kulia likafa wiki tatu. Nyuki tu, vuuu, usiku na mchana. Verdiana ananiamsha, ananisalimia, simjibu. Akadhani nimenuna. Siku ya nne akafunga nguo aende kwao, mpaka alipokuja upande wa pili kunitukana ndipo nikamsikia.

LUPAKISYO: (Kimya.)

CORNEL: Haloo? Filomena, usikate!

OPERETA: Sijakata, mzee. Yupo.

LUPAKISYO: Nipo.

CORNEL: Umenielewa?

LUPAKISYO: Unasema hakunisikia.

CORNEL: Nasema umeliamkia sikio lililokufa.

LUPAKISYO: Lakini nilirudia mara mbili. Na Yunis alisikia. Kwa nini asimwambie baba yake kuna mgeni?

CORNEL: Yunis ana yake. Yunis anajua ulichofanya. Huyo atakuchukia, na ana haki.

LUPAKISYO: Pengine hata yeye mzee alisikia akanyamaza tu.

CORNEL: Pengine. Mimi sikuwepo. Naweza kukwambia habari za mtutu, za moyo wa Cleopa siwezi. Lakini utabeba "pengine" mpaka Tukuyu? Uamke nayo kila siku?

LUPAKISYO: Na nikirudi, nikasimama upande ule mwingine, akanyamaza vilevile?

CORNEL: Basi utakuwa umenyimwa kweli, na utaondoka ukijua. Kunyimwa si kufa. Lakini mtu asiyesikia unamlaumu bure.

(Honi inalia nje, mara mbili.)

CORNEL: Hilo ndilo basi?

LUPAKISYO: Siyo. Lori la pamba, linapandisha Kilosa. Dereva alikuwa anakula hapa kwa Donati.

CORNEL: Linapita Ulaya?

LUPAKISYO: Linapita. Mzee, mwenyeji wangu hapa kanikatia tiketi ya basi tayari.

CORNEL: Tiketi karatasi tu. Panda lori. Shuka Ulaya. Usimame kulia kwake, umwinamie, useme mara moja. Halafu unyamaze. Usianze hadithi za simba na jasho na mpini. Asikie shikamoo peke yake.

LUPAKISYO: Naogopa.

CORNEL: Najua.

LUPAKISYO: Nyati sikumwogopa hivi.

CORNEL: Nyati hakuwahi kukugawia asali.

(Honi tena.)

LUPAKISYO: Anawasha gari, mzee!

CORNEL: Kimbia basi! Na ukitoka kwa Cleopa, akikuitikia, asikuitikie, usirudi Mikumi. Endelea hadi huku. Nyumba yangu kubwa, kitanda cha Verdiana... kuna kitanda. Kuku wapo. Tukuyu utakwenda wiki ijayo, haihami. Umesikia? Lupakisyo?

LUPAKISYO: Nakus— (Waya unakatika na kurudi.) —kia, mzee! Sijui kama—

CORNEL: Sema utakuja!

LUPAKISYO: Nikifika Ulaya nita— Ngoja, dereva! Nakuja! Mzee, nakushukuru. Kwa bastola, na yote. Shika—

CORNEL: Marahaba! Marahaba, mwanangu! Haloo?

(Kimya.)

CORNEL: Haloo? Lupakisyo? Upande wa kulia, usisahau! Haloo!

OPERETA: Mikumi wameweka simu chini, Mzee Cornel.

CORNEL: Alisema shikamoo akamaliza? Au ilikatika katikati?

OPERETA: Ilikatika.

CORNEL: Nimeitika. Sijui kama amesikia.

OPERETA: Mlikaa dakika kumi na tisa. Nimeandika sita.

CORNEL: Mungu akubariki, mama. Filomena, lori likitoka Mikumi saa hizi na pamba, linafika hapa Kilosa saa ngapi?

OPERETA: Barabara ni mbaya, lakini kabla ya magharibi litakuwa limefika.

CORNEL: Na mtu akishuka Ulaya kwanza?

OPERETA: Hapo itategemea ataitikiwaje, mzee.

CORNEL: Kumbe ulikuwa unasikiliza.

OPERETA: Nisamehe, mzee. Jumapili hapa swichibodi niko peke yangu tangu asubuhi.

CORNEL: Hakuna neno. Umekula?

OPERETA: Bado.

CORNEL: Haya, mama. Nakuachia laini. Naenda kuchinja kuku.